Uduvi wa Chupani

Maji ya mtaani kwetu Kware huja siku mbili kwa wiki, na yakija hayapandi juu. Mimi nakaa orofa ya tano. Jumamosi moja nilikuwa nimebeba mtungi wa lita ishirini, nimefika orofa ya tatu, pumzi imenikatika na goti la kushoto linanigombeza, ndipo harufu ikanisimamisha. Mlango mmoja ulikuwa wazi kidogo. Haikuwa harufu ya samaki wa kukaanga, hiyo tumeizoea kwenye ngazi zile. Ilikuwa shombo nyepesi, ya chumvi iliyolala kwenye maji ya uvuguvugu. Nikatua mtungi, nikakaa kwenye ngazi na buibui langu. Msichana wa mlango ule akachungulia, akaniuliza, "Mathe, uko poa?" Nikamwambia niko poa, napumzika tu. Nyuma yake, juu ya stuli, niliona chupa ya soda imepinduliwa kichwa chini, taa inawaka ubavuni mwake na mapovu yanapanda. Sikuhitaji kuuliza kilichomo. Chupa ya namna ile niliiona mara ya mwisho chumbani kwetu Majengo nikiwa darasa la pili, na mwenyewe, babangu, tulimzika mwaka jana.

Siku hizi nachoka hata kabla sijaanza kazi. Labda ndiyo sababu namkumbuka Baba sana, maana yeye simkumbuki hata siku moja akiwa hajachoka. Alikuwa mchukuzi katika soko la Gikomba. Alibeba marobota ya mitumba kutoka kwenye malori mpaka vibandani, na robota moja lilikuwa zito kushinda mimi na Mama tukipimwa pamoja. Alirudi jioni shingo imepinda upande. Mama alimlaza kifudifudi mkekani akamkanda mgongo kwa mafuta ya nazi ya moto, nami nashika bakuli. Hakuwa mtu wa kulia maumivu. Aliuma kona ya mto tu, na mito yote ya nyumbani kwetu ilikuwa na kona zilizotafunwa.

Watu wakisikia sisi ni Waswahili hudhani tumeshuka kutoka pwani juzi. Baba alizaliwa Majengo, na babake vilevile. Bahari aliiona mara moja, kwenye harusi ya jamaa, na alivyosimulia mwenyewe mvua ilinyesha siku zote tatu akashindwa hata kulowesha miguu. Lakini samaki aliwapenda. Siku moja alipeleka mzigo mjini, karibu na duka la samaki wa mapambo, akasimama kutazama vioo vya samaki mpaka mwenye duka, mzee mmoja mwenye miwani mizito, akatoka kumuuliza kama ana shida. Baba akamwambia hana shida, anatazama. Tangu hapo akawa anapita kila Jumamosi. Mzee yule mwishowe akampa dume na jike wa faita, wale samaki wenye mapezi marefu ambao madume wawili huwezi kuwaweka pamoja, watararuana.

Ndipo nyumba yetu ya chumba kimoja ikapata wapangaji wapya, ndani ya tangi dogo la kioo. Dume la faita hujenga kiota cha mapovu juu ya maji, na jike akishataga, dume ndiye anayekaa na mayai. Yai likidondoka analifuata, analichukua kwa mdomo, analirudisha kwenye mapovu. Hali, halali. Nilikuwa nikikaa mbele ya kile kioo na daftari la hesabu mapajani, sifanyi hata hesabu moja. Mama alikuwa akisema kwa sauti ili Baba asikie, kwamba kumbe kuna wanaume wanaoamka usiku kutazama watoto, ila wanaishi majini.

Sasa, jambo lenyewe lilikuwa hili. Msaidizi wa yule mzee alikuwa anaondoka baada ya Idi. Mzee akamwambia Baba: niletee kizazi kimoja ulichokilea mwenyewe, wafikishe mwezi, hata wawe thelathini tu, kiti ni chako. Lile neno kiti Baba alilirudia nyumbani wiki nzima. Kazi ya kukaa. Kusafisha vioo, kulisha, kupokea wateja, na wakati hakuna mteja unakaa. Mama naye, niliona siku ile amemkanda mgongo taratibu zaidi, kama anayeuaga.

Vizazi viwili vya kwanza vilimfia. Watoto wa faita wakitoka ni kama nyuzi zenye macho, na kila alichowapa kilikuwa kikubwa kwao au kiliozea majini, kiini cha yai, unga, sijui nini. Chakula chao lazima kiwe hai na kiwe kidogo kuliko wao. Baba alipomweleza yule mzee jinsi walivyokufa, mzee alicheka, akampa kikopo cha bati kilichobaki robo. Ndani mlikuwa na kitu nilichodhani ni kahawa iliyosagwa. Yalikuwa mayai makavu ya uduvi, wale kamba wadogo wa maji ya chumvi. Mzee akasema ndiyo aliyobaki nayo, mengine hajui yatakuja lini.

Baba alikata chupa ya soda kitako, akaipindua, akaifunga kwa waya kwenye mguu wa kabati. Lita moja ya maji, vijiko viwili vya chumvi ya mawe, maana hii chumvi laini ya mezani alikatazwa. Mpira mwembamba kutoka kwenye pampu ndogo ulishuka mpaka chini ukawa unatoa mapovu, na taa ya mezani ikaegemezwa karibu ili maji yapate joto. Kisha akachota yale mavumbi kwa ncha ya kijiko na kuyanyunyiza ndani. Pampu ilinguruma usiku na mchana. Mama alisema maisha yake yote aliogopa kuletewa mke mwenza, kumbe ataletewa chupa.

Kesho yake jioni Baba aliniita. Alizima pampu, tukangoja. Maganda yalielea juu, ya hudhurungi, na chini karibu na taa kukawa na wingu la rangi ya chungwa linalochezacheza. Niliuliza nani amewatia mle. Akasema hakuna, ndio yale mavumbi. Sikumwamini kwa siku mbili. Aliyavuta maji yao kwa mpira mpaka kwenye kitambaa, tukawasuuza kwa maji baridi ili chumvi itoke, tukawatia kwenye kikombe, na kwa bomba la dawa ya kikohozi tukawadondoshea watoto wa faita wa kizazi cha tatu. Wale nyuzi waliruka. Baba alimulika tochi kwa nyuma ya kioo akanionyesha: kila aliyekula, tumbo lake dogo lilikuwa na rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo alama, akasema. Ukiona tumbo la chungwa, ameshiba. Nilihesabu sitini nikachoka.

Basi nikapewa kazi. Baba anawalisha asubuhi kabla hajatoka na usiku akirudi. Mimi nikitoka shule saa saba nawapa kidogo, na nikitoka madrasa saa kumi nawapa tena kidogo. Kidogo, alinikazia, kwa sababu uduvi wakibaki kwenye maji yasiyo na chumvi hufa, na wakifa maji yanaharibika. Nikafanya hivyo siku tisa bila kosa. Mama mchana hakuwepo, alikuwa barabarani akikaanga viazi karai. Ilikuwa mimi na wao tu. Nilijiona mtu mzima kabisa.

Siku ya kumi mwezi ukaandama.

Ile ndiyo Ramadhani yangu ya kwanza ya kufunga kutwa. Miaka ya nyuma nilifunga ile saumu ya watoto, ya kuishia adhuhuri, na wakubwa wananisifu huku wanacheka. Mwaka ule nilisema nafunga kama watu. Madrasa, Maalim wetu alitueleza kwamba kila kiumbe kina ibada yake, ndege angani, mdudu ardhini, samaki majini, hakuna aliyeachwa. Nakumbuka nilitazama wenzangu kama kuna mwingine mwenye samaki. Hakuwepo.

Na alfajiri ile ya kwanza, tulipoamshwa kula daku, nilimwona Baba kwa macho yangu. Kabla hajakaa kwenye mkeka aliwalisha wale watoto wa faita, gizani, kwa tochi. Kila siku huwalisha kumekucha. Leo amewalisha kwenye daku. Nilimaliza wali wangu nikijua kila kitu. Nyumba yetu nzima imefunga, na hakuna mtu aliyehitaji kunieleza. Baba yeye aliwalisha saa ile kwa sababu ndiyo saa aliyokuwa macho, na baada ya daku alikuwa akienda msikitini na kupitiliza kazini. Hilo nililifahamu nikiwa na watoto wangu mwenyewe, siku nilipojikuta nafua nguo saa kumi ya usiku kwa sababu hiyohiyo.

Saa saba nilirudi kutoka shule midomo imekauka. Nikakaa mbele ya kioo. Walinijua wale. Ukisogea tu walikuja wote upande wako, wamejipanga wakitetema, wanangoja. Nilikuwa na kikombe cha uduvi tayari, nimewachuja kama nilivyofundishwa, nikawarudisha kwenye maji ya chumvi wasife. Nikawaambia wavumilie, hata mimi nina njaa. Saa kumi vilevile. Nakwambia ilikuwa vigumu kuliko njaa yangu. Nilielekea ukutani nisiwaone. Nilipata hata machozi, na nikayafuta haraka, kwa kuwa sikuwa na hakika kama machozi yakiingia mdomoni hayaharibu saumu.

Ilipoadhiniwa magharibi nilitia tende yangu mdomoni kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili nikawafuturisha. Niliwapa fungu la saa saba, na la saa kumi, na nikaongeza, maana futari gani ya kubana. Kwetu futari ilikuwa uji, viazi, mihogo ya nazi, kaimati, watu wanakula mpaka wanaegemea ukuta. Nao wakala. Matumbo yao yalijaa mpaka yakawa kama yatapasuka, ya rangi ya chungwa iliyoiva. Mama, aliyekuwa anachota uji, aliniona nikilisha akaona ni sawa tu, mtoto anafanya kazi yake.

Baba alifuturu msikitini na kuingia nyumbani baada ya tarawehe, mgongo umekufa ganzi. Akawamulika. Akasema, "Mashallah, mama. Siku hizi unawalisha vizuri kuliko mimi." Aliniita mama, kama baba zetu wanavyowaita binti zao wakifurahi. Kwa kuwa walikuwa wameshiba, hakuwapa kitu usiku ule. Nililala nimejikunja kwa furaha. Siku ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo, na siku ile niliona maji yana ukungu kidogo na shombo imezidi, nikadhani ni harufu ya mdomo wa mtu aliyefunga, ile ambayo tuliambiwa ina thawabu.

Daku ya nne Baba aliwasha tochi na hakuketi. Alisimama pale muda mrefu. Mama akamwita mara mbili, wali unapoa. Nilisogea chini ya mkono wake nikaona. Maji yalikuwa meupe, na chini, juu ya uduvi waliooza, walikuwa wamelala wao, wengi wamegeuka ubavu. Watatu au wanne walikuwa wanapepesuka juu wakitafuta hewa. Baba akaniuliza bila ukali, "Mchana ulikuwa unawapa saa ngapi?"

"Wakiadhini magharibi, Baba," nikamwambia. "Walikuwa wamefunga."

Mama aliweka kijiko chini. Alifungua mdomo, na najua alichotaka kusema, kwa sababu alikuwa amewaza kile kiti kila alipomkanda. Baba akainua mkono. Akasema mtoto hana kosa, hakuna aliyemwambia. Halafu akakaa, akala matonge mawili, akanywa maji, na adhana ilipotoka akavaa ile shati yake iliyochakaa mabegani akaenda kubeba marobota. Mchana ule wale watatu waliobaki niliwalisha saa saba kamili, tone moja moja. Hawakuwagusa uduvi. Nililia kwa sauti peke yangu chumbani, na sikujali tena machozi yanaingia wapi.

Jumamosi alinichukua twende naye dukani kwa yule mzee. Sijui kwa nini alinichukua. Labda alitaka mkono wa kushika. Njia nzima nilijua ninakwenda kushtakiwa, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi. Duka lilikuwa baridi na la kijani, na kile kiti kilikuwepo kweli, nyuma ya kaunta, cha mbao, kina mto mwembamba. Mzee akauliza watoto wanaendeleaje. Baba akasema wamekufa wote.

"Imekuwaje?"

"Stima ilipotea," Baba akasema. "Pampu ikazima, uduvi hawakutoka."

Mzee alivua miwani akaifuta. Akasema, kwa huruma lakini akasema, kwamba stima ikipotea mtu hukaa na chupa akaitikisa kwa mkono mpaka irudi, na kwamba mtu asiyejua hilo bado hajawa mlezi wa samaki. Akasema mayai hana mengine. Akasema kuna kijana mwingine ameleta wake, arobaini. Baba akaitikia kila kitu. Ndiyo mzee. Kweli mzee. Ni uzembe wangu mzee. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, nimeshika mkono wake.

Nimelifikiria hili nikipanda ngazi za Kware mara nyingi kuliko inavyonifaa. Angesema ukweli, yule mzee angecheka mpaka miwani imdondoke. Angemwambia kosa si lako, ni la mtoto, na huenda angempa muda mwingine, maana siku tisa za mwanzo zilikwenda sawa. Ule uongo ndio uliomnyima kiti, si mimi peke yangu. Aliona heri yeye aitwe mzembe kuliko mimi nichekwe mbele ya watu kwa kuwafungisha samaki. Alibeba marobota miaka mingine kumi na tatu, mpaka siku mgongo ulipokataa kabisa, na mwisho wake alikuwa akitembea anatazama vidole vya miguu yake.

Lakini siku ile, tukirudi kwa miguu, haya yote sikuyajua. Mimi nilikuwa na wasiwasi mmoja tu, tangu dukani. Maalim alitwambia ukisema uongo na umefunga, saumu yako huna. Tulipofika karibu na nyumbani nikamvuta mkono. Nikamwambia, "Baba, umesema uongo, na umefunga."

Akasimama. Jua lilikuwa kali, jasho limemlowesha kofia. Alinitazama, kisha akasema, "Ni kweli. Siku hii nitailipa."

Idi ilikuja, nikapata gauni na viatu. Wiki moja baadaye, siku ya kazi, niliamka nikamkuta Mama amemimina chai na Baba ameisukuma pembeni. Mama akamuuliza ana nini. Akasema ana siku yake moja anailipa. Mama alimkumbusha kwamba hakuugua, hakusafiri, alifunga mwezi mzima, siku gani hiyo. Baba akasema anayeijua ni yeye na mwenye kulipwa, akatoka kwenda Gikomba.

Mama alikuwa ameniwekea mkate na chai, akaenda na karai lake barabarani. Sikuvigusa. Mchana pia sikula. Madrasa nilikwenda, nikarudi, nikakaa kizingitini nikitazama njia ya kuja kwetu. Alitokea jua likiwa jekundu, shingo imepinda, anavuta mguu, midomo myeupe. Alikaa chini pale kwenye kizingiti akashindwa hata kuvua viatu. Adhana ilipotoka nilimshikisha kikombe cha maji, akanywa polepole mpaka mwisho, macho ameyafumba. Kisha akanigeukia akaniuliza kama mimi nimekula.

Nikamwambia nimekula, Baba, tangu mchana. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana usiku, nilikuwa nimefunga pamoja naye na bado sijafungua. Alifurahi, akanipapasa kichwa. Na siku yangu ile sijailipa mpaka leo.